Sabini ya Sokoni na Sabini ya Kitabuni

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alimsindikiza mama yake mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kuuza dagaa. Wanunuzi walikuwa Wakongo wawili. Na mama waliongea Kiswahili, lakini hesabu zao walinong'onezana kwa Kifaransa. Binti akatega sikio, akasikia septante mille, akadhani ni sept, yaani saba, akamwambia mama yake: "Wanataka kutoa elfu saba." Mama akakasirika, akaanza kufunga magunia. Kumbe walikuwa wanasema elfu sabini.

Kesho yake binti alinisubiri mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Kwani wale Wakongo hawajui Kifaransa?"

Swali lile liliniuma. Kitabu chetu cha kiada kinafundisha sabini ya Ufaransa, soixante-dix, yaani sitini na kumi. Wabelgiji husema septante, na Kongo, Burundi na Rwanda, zilizotawaliwa na Ubelgiji, zikarithi neno hilo pamoja na nonante, ambayo ni tisini. Mfaransa tisini yake ni quatre-vingt-dix: ishirini mara nne, ongeza kumi. Neno septante nililijua tangu chuoni, ila sikuwahi kulitamka darasani kwa sababu kitabuni halimo. Watoto wanaishi ng'ambo ya ziwa tu kutoka kwa mamilioni ya watu wanaohesabu hivyo, nami nikawanyima.

Walimu wenzangu wa Kifaransa, tangu siku hiyo nimebadilisha mambo mengi, na nataka niwaeleze yaliyonisaidia kweli.

La kwanza halihitaji hata senti moja: fundisheni Kifaransa mkipitia Kiswahili. Sekondari tunafundishia kwa Kiingereza, hivyo mtoto anaivuka lugha moja ya kigeni ili aifikie nyingine. Chukueni sentensi je te vois. Kwa njia ya Kiingereza mwanafunzi anahangaika, maana kule anayeonwa hutajwa baada ya kitenzi. Kwa Kiswahili ni ninakuona, na -ku- imekaa palepale ilipokaa te, kabla ya kitenzi. Je le vois, ninamwona. Je me lave, ninajiosha. Nilipoandika jozi hizi ubaoni kwa mara ya kwanza, darasa zima lilinyamaza, kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Basi hiki ni kama cha kwetu." Kipindi kile sitakisahau.

Vivyo hivyo kwa le na la, vineno vinavyotangulia majina ya kiume na ya kike. Wanafunzi hulalamika kwamba hakuna sababu ya meza kuwa ya kike. Nami huwauliza, mbona mti na mkate viko ngeli moja, kuna sababu gani? Mswahili amezoea tangu utotoni kwamba jina huvuta maneno yanayolizunguka: kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri. Upatanisho wa petit na petite, yaani -dogo ya kiume na ya kike, haumshangazi ukimwonyesha kwamba kazi hiyo anaifanya kila siku. Ila muwe wakweli kwao: ngeli mara nyingi huonekana kwenye kiambishi cha jina, wakati jinsia ya jina la Kifaransa mara nyingi haijionyeshi, lazima ikaririwe pamoja na jina lenyewe. Ndiyo maana darasani kwangu hatusemi table peke yake. Tunasema une table.

La pili ni karatasi. Niliwaomba wanafunzi walete chochote chenye Kifaransa kutoka nyumbani. Yakaja maganda ya sabuni, vipeperushi vya dawa, jora la kitenge lenye maandishi ukingoni, na noti chakavu ya faranga za Kongo. Noti ile ilitupa vipindi viwili. Imeandikwa kwamba le contrefacteur est puni de servitude pénale, yaani anayeghushi huadhibiwa kwa kifungo. Hapo kuna kauli ya kutendwa tayari, est puni, na wanafunzi wanaijua -w- ya kutendwa kwa Kiswahili. Kwenye vipeperushi vya dawa tulipata hali ya kuamuru, vipimo, na maonyo ya kuweka dawa mbali na watoto. Mtoto anayejua kumsomea bibi yake kipeperushi hicho hahitaji kuambiwa kwa nini anasoma Kifaransa.

La tatu ni wageni, na hapa pana kazi. Nilimwalika mama mmoja Mkongo, muuza vitenge sokoni. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa kwanza, kisha nikakaa na mama mwenyewe nikamweleza wanafunzi wako kiwango gani. Wanafunzi waliandaa maswali kwa wiki nzima. Siku ilipofika mama alitandaza vitenge mezani, watoto wakaanza kuulizia bei na kuomba apunguze. Alichanganya Kiswahili cha Kongo na Kifaransa, na sikumsahihisha hata neno moja. Nawasihi nanyi msimsahihishe. Mgeni akisahihishwa mbele ya watoto, wanajifunza kumdharau. Tofauti tulizozisikia tuliziandika daftarini, tukazijadili alipoondoka.

Kwa usikilizaji natumia simu yangu na spika ndogo: habari fupi za redio, dakika mbili tu, zinarudiwa mara tatu. Sauti za puani ndizo zinazowatesa, vin (divai) na vent (upepo) wanazisikia sawa. Hilo halina njia ya mkato.

Sasa niseme nilipokosea, maana kosa hilo liligharimu watoto. Baada ya mafanikio hayo nilikiweka kitabu kabatini karibu muhula mzima, kwa kidato cha nne. Walichangamka, walizungumza, lakini kwenye mtihani wa majaribio wakaanguka vibaya. Vitenzi vinavyotumia kitenzi kisaidizi être katika passé composé, yaani wakati uliopita, tulikuwa hatujavipitia kwa utaratibu, na barua rasmi hawakuwahi kuiandika. Wazazi walikuja juu, na walikuwa na haki. Kitabu cha kiada kina jambo ambalo soko halina: mpangilio. Siku hizi kitabu kinaniambia wiki hii tunafundisha nini, na mimi natafuta neno hilo au muundo huo unaishi wapi hapa mjini. Na kwenye karatasi ya mtihani nawaambia waandike soixante-dix kama kitabu kilivyo.

Mtaniambia, wewe uko Kigoma. Kweli, lakini Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo hutumia Kifaransa. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo ya Kongo na Burundi. Zanzibar wapo Wangazija, ambao kwao Kifaransa ni lugha rasmi. Anzeni kwa kuuliza darasani nani nyumbani kwao kuna mtu anayeongea Kifaransa. Nilipouliza hivyo mara ya kwanza, wanafunzi 11 walinyoosha mkono. Nilikuwa nimewafundisha mwaka mzima bila kujua.