Mume ana ugonjwa wa ini, hamu imekwisha: si lazima awe na mchepuko

Kamwene dada wa Mafinga. Unasema mumeo ana homa ya ini B, ini limesinyaa, na mwaka mzima hakugusi, nawe unahisi ana mwanamke Makambako. Huenda yupo, sijui. Ila ini likiharibika, homoni za kiume hushuka na za kike huzidi: hamu hupotea, uume hulegea, hata matiti huweza kuvimba. Umetaja anameza spironolaktoni ya kupunguza maji tumboni. Nayo huleta hayohayo. Asiiache kienyeji! Amweleze daktari wazi, kuna dawa nyingine za kujaribu. Aibu ya wanaume wetu mbele ya daktari naijua, kwa hiyo ingia naye.

Vumbi la Kongo na mizizi ya mnadani ya kuongeza nguvu za kiume, hapana kabisa. Ini hilo halina nguvu ya kuvichuja. Ulanzi, pombe ya mianzi, pia aache, hata ule mtamu mbichi wa togwa.

Wewe je, umepima? Homa hii huambukizwa kwa kujamiiana. Ukikutwa huna, chanja: dozi 3 ndani ya miezi 6, na kondomu mpaka umalize.

Usiku mkumbatie tu, bila kumdai kitu.