Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Skana, Orodha

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pembe tatu za jiji la Dar es Salaam na waandishi wake hawajuani, lakini zote zinauliza jambo moja: fedha za kutunza nyaraka za kale hutoka wapi, na nani apange zitumikeje. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mbili zinazofuata zinaiegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu, ninaishi Temeke. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba nchini Marekani kila jimbo lina bodi inayopanga uhifadhi wa nyaraka za kihistoria katika jimbo zima na kushughulikia ruzuku. Bodi hizo zinapata wapi fedha, na je, mpango kama huo unawezekana kwetu katika ngazi ya mkoa?

JIBU: Mhadhiri wako amesema kweli, ila neno "kila" ulipokee kwa tahadhari, kwa maana bodi kuwapo katika maandishi ni jambo moja na bodi kukutana na kufanya kazi ni jambo jingine.

Habari yenyewe inaanzia mwaka 1934, Bunge la Marekani lilipoanzisha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na, kwa sheria hiyo hiyo, tume ya machapisho ya kihistoria. Kwa miaka 30 tume hiyo haikuwa na ruzuku ya kugawa. Ilianza kutoa mwaka 1964, na fedha zilielekezwa zaidi katika kuchapisha maandiko ya watu mashuhuri. Mwaka 1974 ndipo kumbukumbu zilipoongezwa katika jina na katika kazi za tume, na hapo likazuka swali gumu: ofisa aliyeko Washington atajuaje kwamba vitabu vya mahakama vya kaunti fulani ya mbali ndivyo vinavyooza kwanza? Jawabu likawa ni bodi za majimbo. Kila bodi huwa na mratibu, ambaye mara nyingi ni mkuu wa nyaraka wa jimbo, pamoja na wajumbe wanaotoka katika hifadhi za nyaraka, maktaba, vyuo na vyama vya historia. Wao huyapitia maombi ya ruzuku yanayotoka katika jimbo lao, huandaa mpango wa jimbo zima, na mara nyingine hupokea fungu moja kutoka kwenye tume na kuligawa upya kwa mafungu madogo, ili hata makumbusho ya mji mdogo yenye mfanyakazi mmoja yapate masanduku na rafu.

Jambo ninalotaka ulishike, hata ukiyasahau mengine, ni lile lililofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tume ilizipa bodi za majimbo mengi fedha za kuchunguza hali zao wenyewe katika maeneo manne: nyaraka za serikali ya jimbo, nyaraka za serikali za mitaa, hifadhi nyingine zilizomo jimboni, na huduma zinazohitajika na wote, kama mafunzo na ukarabati wa karatasi. Ripoti zilizopatikana hazikuwa za kujisifu. Zilionyesha kwamba hifadhi nyingi zilikuwa zimenaswa katika umaskini unaojizaa: kwa kuwa hazina fedha hazionekani, na kwa kuwa hazionekani hazipewi fedha. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika masijala iliyo chini ya ngazi, mlango wake ukitazamana na choo, anaielewa sentensi hiyo bila kufafanuliwa. Mimi nilikaa katika chumba cha namna hiyo kwa miaka kadhaa, na wakubwa waliokuja kukitazama walikuwa ni wale waliopotea njia.

Kuhusu chanzo cha fedha, mfano ninaoupenda ni wa jimbo la New York, ambako mwaka 1989 ulianzishwa mfuko wa kuboresha kumbukumbu za serikali za mitaa. Mfuko huo unapata mapato yake kutokana na ada ndogo inayotozwa na makarani wa kaunti mtu anaposajili hati au anapofungua shauri. Uzuri wake ni kwamba anayezalisha karatasi mpya huchangia kuitunza ya zamani, na fedha haisubiri hisani ya kila bajeti.

Tukirudi kwetu, mkoa haulingani na jimbo la Marekani, na sioni sababu ya kulazimisha ulinganifu huo. Tanzania Bara ina sheria moja, yaani Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, na ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Zanzibar ina taasisi yake. Sheria hiyo imemtwika kila mkuu wa ofisi ya umma wajibu wa kutunza kumbukumbu za ofisi yake, na imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kuwafungulia wananchi nyaraka. Kwa hiyo mamlaka ya kupanga tunayo tayari. Tunachokosa mara nyingi ni ule uchunguzi wa kwanza, wa kujua katika mkoa mmoja kuna nini, kiko wapi, na kina hali gani, na uchunguzi huo hauhitaji sheria mpya. Bodi ya mkoa yenye posho za vikao lakini isiyo na orodha ya majalada ningekuwa mtu wa kwanza kuipinga.

Ukitaka mfano wa hapa hapa, zitazame nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Upanga, jijini Dar es Salaam. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na majalada yaliyosalia yalibaki kwa miongo mingi yakijulikana na wachache. Baada ya uhuru yalipangwa upya na kuorodheshwa kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani, na orodha hiyo ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Sidhani kama rejista hiyo ingeweza kuupokea mlolongo wa makabati ambayo hakuna aliyejua yana nini.

SWALI: Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya umma wilayani Ilala. Mkuu wangu ananiagiza niweke skana katika maoteo, yaani makadirio ya bajeti, ya mwaka ujao wa fedha, kisha majalada ya zamani yateketezwe ili tupate nafasi. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, agizo hilo lina mambo mawili na yasichanganywe. La kuteketeza si la mkuu wako peke yake, wala si lako. Kumbukumbu za umma huteketezwa kwa kufuata mwongozo wa kuhifadhi na kuteketeza na kwa idhini ya Idara, na anayechoma bila idhini anatenda kosa kisheria. Mweleze hayo kwa heshima, na umweleze kwa maandishi, kisha nakala uiweke katika jalada husika. Majalada yasiyotumika kila siku lakini ambayo muda wake haujaisha huitwa kumbukumbu tuli, na njia yake ni kuhamishiwa katika kituo cha kutunzia kumbukumbu hizo, kama kile cha Dodoma, baada ya kuorodheshwa. Tangu ofisi za serikali zilipoanza kuhamia huko kwa wingi mwaka 2016, suala hili limekuwa zito zaidi, kwa sababu kuhama ni wakati ambapo karatasi hupotea bila mtu kukusudia.

Kuhusu skana, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kuitanguliza. Bei ya mashine ni sehemu ndogo tu ya gharama: kuna mtu wa kutoa pini na kunyoosha karatasi, kuna mtu wa kuandika maelezo ya kila picha ili ipatikane, na kuna gharama isiyokwisha ya kuhamisha mafaili kutoka kifaa kinachozeeka kwenda kingine. Nimewahi kukabidhiwa boksi la diski laini za miaka ya 1990 ambazo hakuna kompyuta ofisini iliyoweza kuzisoma, ilhali jalada la Kijerumani la kabla ya 1916 bado linasomwa kwa macho, mradi msomaji awe amejifunza mwandiko wao ule unaofanana na safu ya sindano.

Kwa hiyo, kabla ya maoteo, chukua futi ya fundi cherehani upime mita za rafu ulizonazo, uandike miaka ya mwanzo na mwisho ya kila kundi la majalada, na uweke alama palipo na mchwa, ukungu au paa linalovuja. Ukurasa mmoja wa namna hiyo utakuwezesha kuomba kasma, yaani fungu la bajeti, ya rafu za chuma, masanduku na feni kwa hesabu inayoweza kutetewa, na utajua ni majalada gani machache yanayostahili kupigwa picha kwanza kwa kuwa yanaombwa kila wiki.

SWALI: Mhariri, chama chetu cha kuzikana hapa Kariakoo kina madaftari ya mikutano tangu miaka ya 1950, mengine kwa herufi za Kiarabu. Nyumba inabomolewa lijengwe ghorofa, na vijana wanasema yatupwe. Hatuna fedha. Tuyapeleke wapi?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Yasitupwe. Madaftari hayo yanaeleza nani alizikwa na nani, nani alichanga na nani alihama, habari ambazo majalada ya serikali huzitaja kwa nadra. Herufi za Kiarabu zisiwatishe. Mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar nao uliingizwa katika rejista ile ile ya UNESCO mwaka 2003.

Kwa sasa yaondoeni sakafuni kabla ya masika, kwa kuwa unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 ukungu huota, na hewa yetu ya pwani hufika hapo bila taabu. Msiyaanike juani na msiyabandike selotepu. Yaliyolowa yawekeni kivulini penye feni, na karatasi safi za kunyonya maji katikati ya kurasa. Kisha kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike orodha: namba, miaka, lugha.

Mkiwa na orodha hiyo mkononi, nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, Upanga, ambayo kisheria inaweza kupokea hata nyaraka za watu binafsi, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye mkusanyo wa Afrika Mashariki. Msikabidhi kitu kabla ya kuandikiana ni nani mwenye mali, nani ataruhusiwa kusoma, na chama kitabaki na nakala gani. Daftari la kwanza kabisa, lenye majina ya waanzilishi, msimwazime mtu yeyote kwa sasa, hata akija na barua yenye mhuri. Alisomee hapo hapo barazani.