Mbwa wa ulinzi na mpaka wake nyumbani

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Tunaishi Goma katika nyumba ya mbao. Baada ya wezi kutuingilia usiku, mume wangu alileta mbwa wa kulinda. Sasa watoto wamemzoea, anaingia hadi sebuleni, analala mlangoni mwa chumba ninamoswalia, na juzi alilamba sufuria ya mchuzi. Maji tunanunua kwa bidoni. Je, tumwondoe? Na akibaki, mpaka wake uwe wapi?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, mama. Hamlazimiki kumwondoa. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa kila siku na qirati (yaani fungu) ya thawabu za amali zake, isipokuwa awe mbwa wa mifugo, wa kuwindia au wa shamba. Mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa humo, lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kumruhusu kwa kumlinganisha na hao watatu, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Anayelala Goma hatauliza haja hiyo iko wapi.

Ila haja iliyomruhusu ndiyo hiyo hiyo inayomwekea mpaka. Mwizi huanzia uani, basi kazi ya mbwa iko uani, na akishavuka kizingiti na kujinyoosha juu ya mikeka yenu hana tena kazi inayompa ruhusa. Ipo pia hadithi sahihi kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Wanazuoni wamekhitilafiana kama inamgusa mbwa aliyeruhusiwa, nami sioni sababu ya kujitia katika khitilafu hiyo ilhali ubao mmoja mlangoni unatosha.

Kwa maoni yangu, waliomfundisha kuingia ni watoto wanaomrushia matonge wakati wa kula. Apewe chakula nje, katika chombo chake mwenyewe, kwa saa ile ile. Ajengewe kibanda kisichovuja, kwani kwa mvua za huku hakuna mnyama atakayekubali kubaki uani akinyeshewa. Na watu wote wa nyumba, baba akiwa wa kwanza, washike amri moja, maana mbwa anayefukuzwa na mama mchana kisha akaitwa ndani na baba usiku hawezi kujua anatakiwa kukaa wapi. Asipigwe, wala asifungwe mnyororo kutwa kucha, kwani Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na kwa kuwa anacheza na watoto, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.

Kuhusu sufuria, katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa mashariki mwa Kongo tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi, hivyo mchuzi unamwagwa na chombo kinaoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo, na bora iwe ya kwanza. Kokoto za lava, mawe ya volkano ya huku, hazitoshi: chukua udongo laini, safi, uukoroge na maji mpaka yawe machafu. Sabuni haichukui nafasi yake. Anayefulia Ziwa Kivu nguo iliyopata mate yake anaweza kuitikisa ndani ya maji mara saba, nayo ikahesabiwa, mradi udongo usikosekane. Manyoya makavu yakigusa nguo kavu hakuna cha kuosha. Imamu Malik, mwenye madhehebu mengine, amemhesabu mbwa kuwa tohara, yaani si najisi, na kwake kuosha chombo ni ibada tu. Kwa hiyo siku ambayo bidoni ya mwisho ni ya kunywa watoto, mkiishika kauli yake hamna lawama.

Swala ulizokwisha kuswali usizirudie, maadamu huna yakini kwamba mate yake yalifika kwenye nguo au mkeka wako. Wallahu aalam.