Ulichoniuliza kuhusu kunyang'anywa watoto

Mdogo wangu, sauti yako niliisikiliza mara mbili kwenye basi nikitoka kazini asubuhi. Umeuliza hivi: mumeo amepata viza ya kazi, mnakuja na watoto watatu, na mtaani mnaambiwa kwamba huku Uingereza ukimchapa mtoto serikali inamchukua. Kweli au mnatishwa? Kabla sijajibu, mama mdogo akadakia kwenye kundi la familia kwamba huku watoto ndio wazazi na wazazi ndio watoto. Nilinyamaza, kwa sababu jibu langu lina aibu yangu ndani yake, na wakubwa nyumbani hawalijui. Sasa nalitoa.

Mimi nilishitakiwa kwa ustawi wa jamii. Hapahapa Cardiff, Wales, mwaka 2023, kwa ajili ya huyu wangu wa pili. Alikuwa na miaka minane.

Ujue kwanza ilikoanzia, maana haikuanzia nyumbani. Ilianzia shuleni. Tangu Septemba simu yangu ilikuwa hailali. Leo hakutulia darasani. Leo amemjibu mwalimu. Leo amemsukuma mwenzake. Nalala kwa saa nne tu baada ya zamu ya usiku ya kuangalia wazee, naamshwa na ujumbe wa shule. Mwezi wa kumi na moja wakamsimamisha siku mbili. Kwa mzazi aliyekulia Tanga kama mimi na wewe, shule ikikuita kwa ajili ya mtoto unakwenda umeinamisha kichwa, unaomba radhi, ukirudi nyumbani unamaliza kazi. Basi nikamaliza kazi. Nilimchapa na mwiko, mara tatu, mmoja ukampata mkononi. Nikamwambia maneno yaleyale mama aliyokuwa akituambia sisi: "Wakiniita tena shuleni, nitakuua!"

Siku ya kurudi shuleni mwalimu aliiona alama, akamuuliza. Mtoto akasema kweli yote, akatafsiri na lile neno, kwa Kiingereza chake safi: mama amesema ataniua.

Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kulisikia neno hilo akaenda kujificha. Linasemwa juu ya sahani iliyovunjika. Lakini limeandikwa kwenye karatasi, kwa lugha nyingine, pembeni yake kuna mchoro wa mkono wenye alama, na msomaji hamjui mama yetu. Mimi mwenyewe nilipokuja kulisoma nilishtuka.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo nikapigiwa simu. Haikuwa shule, ilikuwa ustawi wa jamii. Walikuwa wamekwisha kuzungumza na polisi, na mtoto wangu walikuwa wamemhoji bila mimi kujua. Hapo ndipo roho ilinichafuka, na mpaka leo haijasafika vizuri. Nikawa nawaambia shule moyoni: miezi mitatu mnanipigia simu kila siku kwamba nimrekebishe mtoto wangu mkorofi. Nimemrekebisha kwa njia ninayoijua, mnanishitaki bila hata kuniuliza. Baadaye nilielezwa kwamba mwalimu akiona alama hana hiari, sheria inamtaka atoe taarifa, na wakihofia kwamba mzazi akijulishwa kwanza mtoto atazidi kuumia, hawamjulishi. Kwa akili nimeelewa. Moyo una mambo yake.

Sasa sheria yenyewe, maana watu huku wenyewe wanaichanganya. Uingereza siyo moja kwa jambo hili, kila nchi iliyo ndani yake ina sheria yake. Scotland ilipiga marufuku mzazi kumchapa mtoto kuanzia Novemba 2020. Wales, ninakokaa mimi, ni tangu tarehe 21 Machi 2022. England mzazi bado ana utetezi wa "adhabu ya kiasi", ila ukiacha alama utetezi huo haukusaidii kitu. Kwa hiyo yule rafiki wa mumeo wa Birmingham, huko England, anayesema kofi dogo ni ruksa, msimlete kama shahidi mkiwa Wales. Na shuleni hakuna mwalimu anayegusa fimbo popote pale. Kwetu viboko shuleni sheria inaviruhusu mpaka leo, visizidi vinne na mwalimu mkuu aridhie. Ukitoka huko akili haihami kwa siku moja ya ndege.

Usiku ule Waswahili wenzetu walijaa sebuleni na ushauri wao. Mmoja: sema alianguka kwenye ngazi. Mwingine, mtu mzima kabisa na watoto wake wakubwa: mkatie tiketi kesho, akakae kwa bibi yake Tanga mpaka upepo upite. Dada yako nusura niukubali wa pili, nilikwisha fungua simu kuangalia bei. Shemeji yako ndiye aliyenizuia. Alisema ukimtorosha mtoto wakati wa uchunguzi, kila walichokuwa wanakuhisi umewathibitishia. Namshukuru Mungu nilimsikiliza, ingawa siku ile nilimtukana.

Wakaja wawili wa ustawi wa jamii. Nikawaambia ndiyo, nilimpiga, kwa mwiko, na nikawaeleza kwa nini. Nilikataa mtu wa familia atafsiri, nikaomba mkalimani, wakamleta. Yule mkalimani, mama wa Mombasa, ndiye aliyewaeleza uzito wa "nitakuua" kwetu. Waliangalia jikoni, wakaangalia vitanda, wakauliza watoto wanakula nini, nani anabaki nao nikiwa zamu. Hilo la mwisho liliwakera kuliko mwiko: binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa akibaki na wadogo zake kwa saa moja na nusu hivi, mimi nimeondoka na baba yao hajafika. Kwetu huyo ni dada mkubwa, amekwisha kupika. Huku hakuna sheria inayotaja umri, lakini mtoto akidhurika au akiwa kwenye hatari, wa kujibu ni wewe.

Hawakumchukua mtoto. Hakuna aliyemgusa. Ili mtoto aondolewe nyumbani bila mzazi kukubali kunahitajika amri ya hakimu, au polisi waone hatari ya papo hapo, nao hawaruhusiwi kuzidisha saa 72. Wapo waliochukuliwa watoto, nawajua wawili, na habari zao zilikuwa nzito kuliko wanavyosimulia kwenye harusi. Mimi nilipangiwa vikao vya malezi, nikaenda nimenuna, vingine vilikuwa upuuzi, viwili vilinisaidia. Wiki ya saba faili likafungwa.

Lakini shule sikuiacha. Huku mzazi ana haki ya kuomba kwa maandishi rekodi za mtoto wake, nao wanapewa siku 15 za shule kukujibu. Niliomba. Nikakuta kurasa na kurasa: amesukuma, amesukuma, amekataa kumtazama mwalimu machoni. Hilo la macho nililicheka peke yangu jikoni, maana ni mimi niliyemfundisha kwamba mkubwa akikugombeza unatazama chini. Kilichokuwa hakimo ndicho kilichoniliza. Yule mwenzake aliyesukumwa alikuwa akimwita rangi ya choo tangu wiki ya pili ya Septemba. Mtoto alikwisha kuwaambia mara mbili. Hakuna mstari hata mmoja. Na mimi, mdogo wangu, sikuwahi kumuuliza. Nilipokea neno la shule kama la msahafu, nikachukua mwiko.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na hizo kurasa, safari hii kichwa juu. Hakuomba radhi kwa mdomo, lakini mtoto alihamishwa meza, mwenzake wazazi wake wakaitwa, na tangu Januari simu zikawa chache. Bado si malaika.

Kwa hiyo njooni. Mkifika, usisubiri kuitwa shuleni, nenda mwenyewe wiki ya kwanza, wakujue sura na jina. "Nitakuua" iacheni uwanja wa ndege. Mumeo umwambie mapema, maana mkono wake naujua tangu harusini alipomkamata yule mpiga picha. Na huyo kitinda mimba wako ana lile baka la bluu juu ya matako, mlilonitumia picha mkiuliza kama ni dawa ya mchango. Ni rangi ya kuzaliwa tu, watoto wetu wengi wanalo na hufutika wakikua, lakini mlezi wa hapa akilikuta wakati wa kumbadili nepi anaweza kudhani kapigwa. Siku unayomwandikisha kwa daktari, mvue, mwonyeshe, na usiondoke mpaka uone ameandika.