Simu Inaiona Kompyuta, Folda Inagoma: Niulizeni Mimi
Juzi usiku msomaji wa Nachingwea kaniandikia: "Kaka, simu inaiona kompyuta kwenye Wi-Fi, ila nikigusa folda inaomba neno la siri. Nikiweka, inakataa. Leo siku ya tatu." Nikacheka, halafu roho ikaniuma. Ugonjwa huohuo ulinikosesha mteja.

Korosho zilikuwa zimeshalipwa, kila wikiendi harusi. Kibanda changu cha picha kipo Chikongola, hapa Mtwara. Harusi moja ya Mikindani niliipiga kwa simu, mzigo ukafika GB 18. Jumatatu mama mkubwa wa bibi harusi kaja na flashi yake, na waya wangu wa USB ukachagua siku hiyo kufa. Nikamwambia hamna shida mama, nitahamisha kwa Wi-Fi. Kumbe!

Saa nzima mama wa watu yuko kwenye benchi anajipepea na kasha la CD. Nikamwita fundi. Akachukua 30,000 yangu, akasema Windows imeoza, tuipige upya. Mama akanyanyuka: "Mwanangu, nimekuja kufuata picha, sikuja kufuata pole." Flashi alimtuma bodaboda kuichukua siku ya nne. Mdogo wake bibi harusi alipoolewa, kazi akapewa mwingine.

Windows mpya, tatizo lilelile. Nikakaa nalo mwenyewe. Kwanza, kompyuta ilikuwa imeuandika mtandao wangu kuwa "Public", ikajificha kama iko stendi. Nikauweka "Private", nikawasha ruhusa ya kushirikisha mafaili, ikaonekana.

La pili ndilo lako, ndugu wa Nachingwea. Nilikuwa naandika ile PIN ya kufungulia kompyuta. PIN inafanya kazi kwenye mashine yenyewe tu, haivuki mtandao. Inatakiwa nywila ya akaunti, na kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe yako. Nilipoiweka, nikaona picha ya kwanza inatua kwenye kompyuta: bibi harusi kafumba macho. Nilikaribia kulia.

Umeme ukakatika, uliporudi ikagoma tena. Simu inaitafuta kompyuta kwa namba yake ya zamani ya mtandao, 192.168.1.5, rauta imeshaipa kompyuta 192.168.1.9. Fungua Command Prompt kwenye kompyuta, andika ipconfig, soma namba ya IPv4 (ndiyo hiyo namba ya mtandao), iweke kwenye simu. Au ingia kwenye rauta uifunge namba isihame.

Fundi yule alitaka pia niwashe SMB1, ile njia ya zamani ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao. Windows 10 ilianza kuizima mwaka 2017, mwaka ambao kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu lake. Programu ya simu isiyojua njia mpya ifute, tafuta nyingine.

Leo najidai. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, mimi nilihamisha video kama kawaida, maana mafaili haya hayatoki nje ya rauta na hayali bando. Vijana wenzangu, mnamlipa fundi kabla hamjasoma kioo kimeandika nini! Someni. Kioo changu kilisema nywila si sahihi tangu mara ya kwanza nilipoweka PIN, nami nikakibishia.

Na kama akaunti yako haina nywila kabisa, kaka, weka. Windows haimpokei mgeni wa mtandaoni kwa akaunti tupu. Ukishaweka, niandikie, hata iwe usiku.