Bonsai ya Gadenia Iliyozeeka, na Maji Yetu ya Pwani

Kwa yeyote anayelea bonsai ya gadenia iliyozeeka, yaani mti unaofanywa ubaki mdogo chunguni kwa kupogolewa, hapa Mombasa, jambo la kwanza la kuchunguza ni maji, kabla ya mbolea na kabla ya mkasi. Gadenia ni mti wa udongo wenye asidi, unaostawi pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, ikiwa kati ya 5 na 6, ilhali sehemu kubwa ya ukanda wetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima hupita katika chokaa hiyo kabla ya kufika kwenye ndoo. Mti wa bustanini una ardhi pana ya kutandaza mizizi, lakini ule uliokaa miaka mingi katika chungu chenye kina cha vidole vichache hauna pa kukimbilia, na kila kopo la maji magumu huacha chokaa yake humo humo.

Mti ninaoulea ulikuwa wa mama mkwe wangu, na yeye ndiye aliyenifunza kuyasoma majani. Majani machanga ya nchani yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti unakosa chuma, kwa sababu chokaa huizuia mizizi kukifyonza, na chuma kilichokwisha kuingia katika majani ya zamani hakihami kwenda kuyasaidia mapya. Majani ya ndani yaliyokomaa yakiwa manjano yote na kudondoka wakati mti unachipua, hiyo ni kawaida yake, wala hapahitajiki dawa. Inanisikitisha kuona watu wakikimbilia mbolea ya CAN kwa umanjano wa aina yoyote, kwa kuwa mbolea hiyo ina chokaa ndani yake. Salfeti ya amonia inafaa zaidi, gramu moja kwa lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi mti unapokua, na udongo uwe umeloweshwa kwanza.

Maji bora ni ya mvua. Nyumbani kwangu pipa lenye mfuniko, kwa ajili ya mbu, limekaa chini ya mchirizi wa paa, na mvua za mwanzo wa msimu huachwa zioshe vumbi na chumvi ya bahari kabla ya kuanza kukinga. Akiba ya masika na ya vuli hutosha sehemu kubwa ya kiangazi, maana bonsai moja hainywi maji mengi. Yakiisha, tia siki nyeupe kidogo kidogo katika maji ya kisima huku ukipima kwa karatasi za pH hadi yakaribie 6. Hilo ni la kuvukia tu, kwani asidi ya siki huliwa na vijidudu vya udongoni na haidumu. Mti ambao umekwisha kuwa manjano upewe mbolea ya chuma cha aina ya EDDHA (jina la kemikali inayokishika chuma hicho), ambacho huendelea kufyonzwa hata udongo ukiwa na chokaa. Kile cha EDTA hupoteza nguvu pH ikipanda.

Udongo nao usiibomoe kazi ya maji. Wajapani hutumia udongo mwepesi wa volkano unaochimbwa eneo la Kanuma nchini kwao, wenye asidi ya asili. Sisi tunaweza kuchanganya changarawe nyepesi za volkano, maganda ya msonobari na makumbi yaliyosagwa, ambayo lazima yaoshwe mara kadhaa ili chumvi itoke. Mchanga wa ufukweni na vipande vya matumbawe visikaribie chungu kabisa, hata kama ni vya kupamba. Mti mzee hupona polepole, kwa hiyo usiubadilishie udongo ila maji yakianza kutuama juu yake, kisha mwanzoni mwa masika ondoa theluthi moja ya mizizi, isizidi, na uache sehemu ya udongo wa zamani.

Ama maua, sisi tuliolelewa na harufu ya asmini na kilua tunayatamani kuliko yote, ila gadenia hufunga vitumba vizuri zaidi usiku ukiwa wa nyuzi 15 hadi 18, na Mombasa hata mwezi wa Julai haishuki kiasi hicho kwa kawaida. Mti ulale nje barazani, upate jua la asubuhi, ukingwe na la mchana na upepo mkali wa kusi. Chumba chenye kiyoyozi hukausha hewa na kuangusha vitumba. Vikishatokea, usiuhamishe mti wala kuacha udongo ukauke.

Kagua chini ya majani kila juma, kwani vidung'ata na wadudu wa magamba huacha utomvu mtamu unaovuta sisimizi na kuzaa ukungu mweusi. Maji ya sabuni laini na brashi vinatosha wakiwa wachache.

Kupogoa kufanywe mara tu maua yanapoisha, kwa sababu vitumba vijavyo hutokea katika ncha za machipukizi mapya, na anayechelewa hukata maua ya msimu unaofuata. Matawi mabichi na membamba hayana shida. Tawi nene la mti mzee likatwe tu likiwa limekufa au linaharibu umbo, moja kwa msimu, na kidonda kizibwe kwa dawa ya vidonda vya miti siku hiyo hiyo.