Nondo asiyefugika kibandani

SWALI: Huko Gede, pwani ya Kenya, vipepeo wanafugwa vibandani. Klabu yetu ya mazingira imesoma kuhusu nondo wa jua wa dhahabu wa Australia, ambaye yumo hatarini. Mbona naye hafugwi vivyo hivyo, kisha akaachiliwa mbugani?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, wafugaji wa Gede hufaulu kwa sababu kiwavi wa kipepeo hula majani. Unamkatia tawi, unamtazama akinenepa. Kiwavi wa nondo huyu (Synemon plana) huishi ardhini akila mizizi ya nyasi za kienyeji zinazoota kwa mafungu. Hukaa humo muda unaokadiriwa kuwa mwaka 1 hadi 3, na ukimfukua unakata mizizi ile ile anayoitegemea. Akishakuwa nondo, mdomo wake haufanyi kazi, hivyo hali chochote na huishi siku chache tu.

Kinacholindwa basi ni kiwanja chenyewe. Dume huruka jua likiwaka, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Jike hukaa chini, akifunua mabawa ya nyuma ya rangi ya machungwa ili aonekane. Nyasi zikisongamana, dume hupita juu asimwone, ndiyo maana lazima ubaki udongo wazi kati ya mafungu. Tena dume hajitengi na makazi yake zaidi ya mita 100 hivi. Mtaa mpya ukijengwa katikati ya mbuga, walio upande huu hawakutani tena na wa ng'ambo.

Hukaguliwa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mapema Januari, siku ya jua isiyo na upepo, joto likipita nyuzi 20. Tembea polepole kwa mistari, na urudie mara 4, kila safari wiki moja baadaye, kwani hawatoki wote pamoja. Usipomwona siku moja, usiandike kwamba hayupo. Angalia pia maganda ya pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) yaliyochomoza udongoni.

Halafu usilime wala usitie mbolea, kwa kuwa magugu huifaidi kuliko nyasi za kienyeji. Fyeka au lisha kondoo kabla ya msimu wa kuruka, na uondoe majani yaliyokatwa. Penye gugu la Nassella neesiana, lililotoka Amerika Kusini, subira inahitajika: viwavi hula mizizi yake pia. Ukilinyunyizia dawa lote kwa siku moja, unawaua njaa. Ondoa kipande kwa kipande huku ukirudisha nyasi za kienyeji.

Mwaka 2021 Australia ilimshusha daraja la hatari, baada ya ukaguzi kumpata mahali pengi zaidi. Hayo ni matunda ya watu kutembea na kuhesabu, ingawa mbuga anamoishi bado zinamezwa na majengo.

SWALI: Uwanja wetu wa shule tuufyeke vipi ili nondo wabaki?
Msomaji, Likoni

JIBU: Msiige kalenda ya Australia, nondo wetu wengi huruka usiku. Fyekeni theluthi moja kwa zamu, mkiacha kimo cha sentimita 15, wala msichome moto. Kuwahesabu, tundikeni shuka jeupe na taa baada ya magharibi, usiku usio na mbalamwezi. Mkimaliza zimeni taa na mkung'ute shuka taratibu juu ya nyasi, la sivyo mijusi na ndege watawamaliza hapo hapo.